Kipande, Kariokor, Jirongo: Maneno 7 unayotumia kila siku Nairobi bila kujua stori nzito zilizo ndani yake

Wacha tukuulize kitu kimoja tu, msee wangu. Leo tangu uamke umeongea maneno mangapi? Mengi. Na mangapi kati ya hayo unajua yalitoka wapi? Hapo sasa ndio unaanza kukuna kichwa.

Usijali, hauko peke yako. Wengi wetu tunaishi Nairobi tukitumia majina kama pesa za mfukoni. Unatoa, unapokea chenji, unaenda zako. Hata hili jina Nairobi lenyewe ni la Wamasai, kutokana na Enkare Nyirobi, yaani maji baridi. Reli ilipofika hapa mwaka 1899 palikuwa kinamasi. Hakuna tao, hakuna mat, hakuna mtu wa kukuuzia smokie.

Sasa tufanye hivi. Tuchukue siku moja ya kawaida ya msee wa Buru anayeenda kutafuta kazi. Siku moja tu, kuanzia anapotoka kejani mpaka jioni akirudi. Tutasimama kwa maneno saba. Ukimaliza kusoma, kuna jina moja au mawili hutayasikia tena vile ulivyokuwa ukiyasikia.

1. Boda boda: Kelele za mpakani zikawa kazi ya vijana

Saa kumi na mbili asubuhi. Umechelewa, steji iko mbali na viatu umepiga rangi, hutaki vumbi. Unapiga mluzi, mtu wa nduthi anakuja mbio.

Hili neno boda boda halikuzaliwa Nairobi. Lilizaliwa kule magharibi, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, pande za Busia. Ofisi ya mpaka ya Kenya ilikuwa huku, ya Uganda iko kule, na katikati kuna eneo ambalo gari halingepita bila makaratasi mengi. Ukishuka na mizigo yako ilibidi utembee.

Vijana wakaona mwanya hapo. Wakachukua baiskeli, wakaweka kikalio nyuma, wakaanza kubeba watu kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Na kama makanga wa leo, walikuwa wakiita wateja kwa sauti: boda, boda! Kizungu cha mpaka kikapita kwenye ulimi wa watu wa huko, kikatoka na jina jipya la kazi.

Baadaye baiskeli zikapisha pikipiki. Hapa Kenya mambo yalichemka zaidi mwaka 2008, serikali ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo zisizozidi 250cc. Bei ikashuka, vijana wakajaa barabarani. Leo neno hilo linaeleweka Kampala, linaeleweka Dar es Salaam, na hapa tumelikata hadi likabaki boda tu.

Kwa hivyo ukimwita mtu wa boda pale Buru, kilomita mia kadhaa kutoka mpaka wowote, ujue unamwita kwa jina la mahali hajawahi kufanya kazi. Sawa, hiyo ilikuwa nyepesi. Panda mat twende.

2. Mathree: Sarafu tatu zilizobatiza biashara nzima

Uko steji. Nganya imefika, mziki unatetemesha vioo, makanga ananing'inia mlangoni anaita tao. Bei imepanda na hakuna aliyeambiwa kwa nini, ila hiyo ni stori ya siku nyingine.

Neno matatu linatokana na nauli. Zamani kidogo, miaka ya mwanzo ya uhuru, magari haya yalikuwa yakitoza senti 30. Hizo zilikuwa sarafu tatu za senti kumi, na kwa Kikuyu wasafiri walikuwa wakisema mang'otore matatu. Hilo la kwanza likaachwa, tatu zikabaki. Nauli imepanda mara hesabu haina, lakini jina limekataa kupanda.

Kitu wengi hawajui ni kwamba matatu za kwanza zilikuwa haramu. Kampuni ya Kenya Bus Service ilikuwa na mabasi jijini tangu 1934, na ndio ilikuwa na ruhusa ya kubeba abiria. Hawa wengine walikuwa na magari mazee, wakibeba watu wa mitaa ambayo basi haikufika au ilifika ikiwa imejaa. Wakishikwa na polisi, wamekwisha.

Kwa nini walikuwa na wateja wengi hivyo? Kwa sababu wakati wa mkoloni, Mwafrika hakuwa anaingia na kukaa Nairobi anavyotaka. Kulikuwa na pasi na vibali. Uhuru ulipofika 1963 watu walikuja mjini kwa wingi, na mabasi hayakutosha. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta akatoa amri kwamba matatu ziruhusiwe kubeba abiria bila zile leseni maalum. Hapo ndipo biashara ikalipuka.

Halafu vijana wa Eastlands wakafanya kitu kimoja kizuri sana. Wakachukua neno matatu, wakaona ndani kuna tatu, wakaitafsiri hiyo tatu kwa Kizungu. Ikatoka mathree. Ukiandika kwa simu unaandika ma3 na kila mtu anaelewa. Yaani bila kujua, wale vijana walirudi palepale kwa zile sarafu tatu. Mtu anayesema mathree leo bado anahesabu senti 30 ambazo hata mamake hajawahi kuzishika.

3. Burma: Soko la nyama lenye jina la vita

Mat imeingia Jogoo Road. Ukikaribia City Stadium, makanga anapiga bodi ya gari: Burma! Wanashuka akina mama na vikapu, wanashuka wenye mikahawa. Burma ni nyama. Kila mtu anajua hivyo.

Lakini Burma ni nchi. Siku hizi inaitwa Myanmar, iko Asia, karibu na India. Jina lake lilifikaje Jogoo Road?

Lilikuja na askari. Kwenye Vita vya Pili vya Dunia, karibu Wakenya 98,000 waliingizwa jeshini upande wa Uingereza. Wengine walienda wakitaka mshahara, wengine hawakupewa nafasi ya kuchagua. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipelekwa Burma kupigana na Wajapani. Walipita bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa, kwenye tope, mbu na malaria, wakiwasukuma Wajapani mpaka mto Chindwin.

Hebu fikiria kijana wa Machakos, wa Nyeri au wa Kakamega, miaka 20 na kitu, hajawahi kuona bahari. Anapandishwa meli, anashushwa Asia, anaambiwa piga risasi. Na huko anaona kitu ambacho hakuna shule ya mkoloni ingemfundisha: mzungu anaogopa, mzungu anavuja damu, mzungu anakufa kama mtu mwingine yeyote.

Wakarudi nyumbani. Askari wazungu waliorudi kutoka vita hivyo walikuwa na mipango ya kupewa mashamba hapa Kenya. Wale weusi walirudi kwa kazi za chini na sheria zilezile. Mmoja wao alikuwa Waruhiu Itote. Aliwahi kupigana Burma akiwa kwenye King's African Rifles, akarudi, akafanya kazi kwa reli. Baadaye akaingia msituni Mlima Kenya na kuongoza Mau Mau. Wewe unamjua kwa jina lingine: General China.

Sasa siku ingine ukinunua matumbo pale Burma, ujue unasimama kwenye jina lililobebwa na watu waliotoka vitani. Hakuna bango la kukuambia hivyo. Kuna nyama tu na foleni.

4. Kipande: Kengele ya mbuzi shingoni mwa babu yako

Umefika tao. Jumba ni refu, lango lina soja, na soja ana daftari. Hata kabla hujasalimia, ameshasema: acha kipande hapo.

Unatoa kitambulisho, unampa, unaandika jina. Umefanya hivi mara ngapi maishani? Mara mia. Simama sasa kidogo kwa hili neno, kwa sababu ni zito.

Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwasajili Waafrika. Kazi yenyewe ilianza kwa nguvu baada ya vita, kati ya 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alitakiwa kubeba cheti chenye alama za vidole vyake, jina lake, anakotoka, mwajiri wake, mshahara wake, siku alipoandikwa kazi na siku alipoachiliwa. Mzungu hakutakiwa kubeba. Mhindi hakutakiwa kubeba. Wewe tu.

Karatasi hiyo iliwekwa ndani ya kikopo kidogo cha chuma, na kikopo kikafungwa kwa kamba shingoni. Wakikuyu wakakiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Jina hilo linakuonyesha vizuri jinsi wenyewe walivyojiona wakikivaa.

Na haikuwa tu aibu ya shingoni. Kama mwajiri hajatia sahihi kwamba amekuachilia, huwezi kuandikwa kazi kwingine. Ukitoroka bosi anayekupiga au asiyekulipa, wewe ndiye mhalifu, na hizo alama za vidole zitakutafuta. Ukipatikana bila kipande, ni faini au jela. Kwa hivyo ukisikia mzee akisema zamani watu hawakuwa wakiacha kazi ovyo, mkumbushe kwamba wengine hawakuruhusiwa.

Mwaka 1922 mambo yalipasuka. Harry Thuku, kijana aliyekuwa akipinga kipande, kodi na kazi za lazima, alikamatwa tarehe 14 Machi. Siku mbili baadaye, tarehe 16, watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi alikozuiliwa wakidai aachiliwe. Mwanamke mmoja, Muthoni Nyanjiru, aliwachemkia wanaume kwa uoga wao na kuwasukuma mbele. Polisi wakafyatua risasi. Rekodi rasmi zinasema watu 21 waliuawa, na waliokuwepo walisema ni zaidi ya hapo. Nyanjiru alikuwa kati ya waliokufa. Leo kuna barabara inaitwa Harry Thuku, ile inayopita kando ya Kenya National Theatre. Huenda umewahi kupiga selfie hapo.

Kipande cha aina hiyo kilikaa mpaka 1947, sheria ilipobadilishwa ili watu wa rangi zote wasajiliwe. Kikopo kikatoka shingoni. Wanawake wao walianza kusajiliwa mwaka 1978. Kadi zimebadilika mara kadhaa tangu wakati huo, lakini neno halikuondoka. Karao akikusimamisha saa nne usiku haulizi kitambulisho cha taifa. Anauliza kipande.

Na kama unadhani hiyo ni historia ya kitambo, uliza kijana Msomali wa Garissa au Mnubi wa Kibra alivyopata chake. Wenzao walikuwa wakienda kwa chifu na cheti cha kuzaliwa, wao walikuwa wakiitwa mbele ya kamati kuthibitisha kwamba ni Wakenya, wakiombwa makaratasi ya babu. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kule Kaskazini Mashariki kwamba msasa huo wa ziada umefutwa. Bila hiyo kadi huwezi kusajili laini ya simu, huwezi kufungua akaunti, huwezi kupiga kura, na soja wa lango hatakufungulia. Miaka mia moja na zaidi imepita, na bado kuna mtu anayekaa nje ya jumba kwa sababu ya kipande.

5. Kariokor: Watu waliobeba vita kichwani

Mahojiano yameisha. Wamekuambia watakupigia, na wewe unajua maana ya hiyo. Njaa inauma, unatembea mpaka Kariokor. Choma, ugali, kachumbari, pilipili pembeni. Sokoni kuna viondo na viatu vya ngozi mpaka macho yanachoka.

Sema hilo jina polepole: Kariokor. Sasa liseme kama mzungu: Carrier Corps. Umeona?

Carrier Corps lilikuwa kundi la wapagazi wa jeshi la Waingereza kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918. Waingereza walikuwa Kenya, Wajerumani walikuwa Tanganyika chini ya kamanda wao Paul von Lettow-Vorbeck, na wote wawili wakaamua kupigania huku vita ambavyo havikuanzia huku. Shida ilikuwa usafiri. Barabara hakuna, na farasi na punda walikufa haraka kwa sababu ya mbung'o. Basi mizigo ikawekwa kichwani mwa watu.

Wanaume walitolewa vijijini. Mwaka 1917 serikali ilifanya msako mkubwa kote nchini kwa sababu wapagazi walikuwa wakiisha. Kila mmoja alibeba zaidi ya kilo 20: unga, risasi, mahema, hata vitu vya maofisa. Walitembea miezi na miezi kusini kupitia Tanganyika hadi Msumbiji, wakila unga ambao mara nyingi haukuiva, wakilala kwenye mvua. Risasi haikuwa adui wao mkubwa. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia na njaa.

Hesabu ya serikali ilisema wapagazi wapatao 45,000 wa Kenya walikufa. Wanahistoria wengi wanaamini ni zaidi. Na mishahara ya wengi waliofia njiani haikuwahi kufika kwa familia zao, kwa sababu majina hayakuandikwa vizuri na hakuna aliyehangaika vya kutosha kuzitafuta.

Kuna kitu kingine cha ajabu. Vita viliisha Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Huku habari zilichelewa, na Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha tarehe 25 Novemba pale Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia. Wiki mbili nzima wapagazi walikuwa bado wako kwenye safari ya vita ambavyo tayari vilikuwa vimekwisha.

Waliorudi Nairobi, wengine walikaa pale kambi yao ilipokuwa. Watu wakalitamka jina la kambi kwa ulimi wao, Kariokor ikazaliwa. Dar es Salaam, ambayo Waingereza waliichukua mwaka 1916, nayo ilikuwa na kambi ya wapagazi. Huko ulimi wa pwani ukasema Kariakoo. Ndiyo hiyohiyo! Sasa ukitazama Simba na Yanga wakipigana kwenye Kariakoo Derby, ujue derby hiyo na sahani yako ya choma Nairobi zimebatizwa na watu walewale.

Pale Kenyatta Avenue kuna sanamu za wanaume watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Watu hupita hapo wakikimbilia benki, na wengi hawajawahi kuinua macho. Majina hayapo. Mwaka 2021 tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilichapisha ripoti na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba msamaha, na serikali ya Uingereza ikaomba msamaha pia. Zaidi ya miaka 100 baadaye.

Miaka hiyo yote, kitu kilichokuwa kikiwakumbuka kila siku bila kulipwa na mtu ni mdomo wa makanga: Kariokor, Kariokor, wa Kariokor ashuke!

6. Kibra: Msitu uliopoteza miti ukabaki na jina

Umeshiba. Una rafiki anakaa Kibra, unaamua kumpitia upumzishe akili. Njiani unajiuliza: ni Kibra au Kibera?

Wenye neno wanasema Kibra. Ni neno la Kinubi na maana yake ni msitu. Wanubi wa Kenya ni vizazi vya askari kutoka Sudan walioletwa na Waingereza kulitumikia jeshi lao, lile la King's African Rifles. Mwanzoni mwa karne ya 20, walipostaafu, waliambiwa wakae kwenye huo msitu nje ya mji. Wakafyeka, wakajenga, wakapanda. Lugha yao ya Kinubi ilitokana na Kiarabu cha kambini, na hadi leo bado inaongewa na wazee wa huko.

Tatizo ni kwamba walipewa ruhusa ya kukaa, hawakupewa hati ya kumiliki. Mkoloni akaondoka, karatasi hakuna. Serikali mpya ikaona ni ardhi ya serikali. Watu wengine wakaja, mji ukakua, miti ikaisha, na jina likavutwa likawa Kibera. Wengine wakaanza kulitumia kama tusi la umaskini, bila kujua wanasema msitu.

Wanubi walipigana kwa njia ya sheria. Machi 2011, kamati ya Afrika inayosimamia haki za watoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki za watoto wa Kinubi, ambao walikuwa wakizaliwa hapa na kukua bila uhakika wa uraia. Mwaka 2013 eneo bunge jipya lilipoanza kazi, liliitwa Kibra, si Kibera. Na mwaka 2017 jamii hiyo ikapewa hati ya ekari 288. Zaidi ya miaka 100 kwenye ardhi moja, ndio karatasi inafika.

Kwa hivyo huyo beshte yako akikurekebisha na kusema sema Kibra, usidhani anajifanya. Kwa watu wengine, hiyo herufi moja iliyoondolewa ndio ushahidi kwamba walikuwa hapo kwanza.

7. Jirongo: Mtu aliyebaki kwenye noti wakati wengine walitolewa

Jioni imefika, unarudi Buru. Makanga anaomba nauli, unampa noti ya mia tano, anakukazia macho: wee, unanipa jirongo asubuhi na jioni, chenji nitoe wapi?

Sheng ina jina kwa kila pesa. Kobole ni tano, ashu ni kumi, mbao ni ishirini, finje ni hamsini, soo ni mia, rwabe ni mia mbili, ngiri ni elfu. Wazee nao ishirini wanaiita paundi, kwa sababu paundi moja ya zamani ilikuwa sawa na shilingi 20.

Jirongo lakini ni jina la mtu. Cyrus Jirongo alikuwa mwenyekiti wa YK'92, kundi la vijana lililompigia debe Rais Daniel arap Moi kwenye uchaguzi wa Desemba 1992, ule wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka mingi ya KANU peke yake. Kundi hilo lilijulikana kwa kumwaga pesa. Noti za mia tano zikaonekana kila mahali, na wananchi hawakutafuta jina mbali.

Baadaye bili ikaletwa. Mwaka 1993 mfumuko wa bei ulipita asilimia 40. Unga, mafuta, sukari, kila kitu kikaruka. Mathako au shosho yako anaukumbuka huo mwaka vizuri, muulize. Waliolipa hawakuwa wale waliopewa noti tu. Walilipa wote walioenda dukani.

Na hapa ndipo kuna kichekesho. Katiba ya 2010 inasema noti na sarafu za Kenya zisiwe na picha ya mtu yeyote binafsi. Noti mpya zilipotoka 2019, baadhi ya watu walienda kortini wakilalamikia sanamu ya Kenyatta inayoonekana mbele ya KICC. Sura za marais zikaondoka. Lakini mtaani, ile mia tano bado ina jina la mtu, na hakuna katiba inayoweza kuenda base na kuwaambia wasee waache kuisema.

Kwa nini hii ni muhimu kwako?

Umefika kejani. Viatu vina vumbi, simu haijalia, lakini leo umetembea kwenye vita viwili vya dunia, ukatoa kipande cha 1919, ukalipa na kampeni ya 1992. Na hukulipa kiingilio chochote.

Ukiangalia hayo maneno vizuri, karibu yote yanahusu watu ambao hakuna aliyehangaika kuwaandika. Vijana wa baiskeli, madereva wa magari mazee, askari waliorudi mikono mitupu, wapagazi wasio na makaburi, Wanubi wasio na hati. Waliokuwa na kalamu hawakuwaweka vitabuni. Waliokuwa na mdomo wakawaweka kwenye lugha, na lugha ikawabeba mpaka kwako.

Shida ni kwamba neno linaweza kubaki na stori ikapotea. Tayari kuna watoto wanaodhani Burma ni aina ya nyama. Mtaa ukivunjwa kujengwa maghorofa, jina jipya linapakwa kwa geti, na miaka 20 baadaye hakuna anayejua la kwanza lilimaanisha nini.

Kwa hivyo wikendi hii, kabla hujashika rimoti, mtafute guka au shosho, au yule mzee wa duka aliyekuwa mtaani kabla ya lami. Muulize swali moja tu: hapa paliitwaje, na kwa nini? Nunua chai, kaa chini, weka simu ikirekodi. Huenda ukaenda na stori ambayo haipo kwa kitabu chochote.

Na kesho soja akikuambia acha kipande, muachie. Lakini ukishuka ngazi kukichukua, guza shingo yako kidogo. Hakuna kamba hapo. Kuna watu 21 na zaidi waliokufa ili isiwepo.